Raketi Uliyoitundika Msumarini

Skola, mama yangu,

Raketi yako nimeiona msumarini. Nilipoingia kutoka shambani nikadhani umeisahau, nikataka kuishusha nikuwekee juu ya begi. Mama yako akanikonyeza. Akanivuta mpaka jikoni akaniambia pole pole, "Iache. Kapanda kigoda kaitundika mwenyewe. Kasema haendi nayo, anakwenda kusoma tu, tenisi basi."

Nikamwambia, sasa lile bweni si la watoto wa akademi ya tenisi? Watampokeaje bila raketi?

Akasema, "Kamuulize wewe. Mimi kaninyamazia."

Kukuuliza siwezi, unanijua. Maneno ninayo, yananijaa kabisa, ila nikimtazama mtu usoni yanaondoka. Ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu unapanda mlima kama njia zetu za huku, na herufi nyingine nazikosea, wewe utasoma tu. Nimekaa mlangoni. Ukungu umeshuka mpaka kwenye kabichi, sizioni tena, nasikia tu maji yanapita mferejini. Umelala. Mama yako anajifanya amelala.

Habari za blanketi na mafuta ya kujipaka na kuamkia watu sitakuambia. Mama yako kazisema tangu juzi mpaka kuku wanazijua. Mimi nataka kukuambia habari ya ile ngoma ya Jumapili. Najua ngoma ndiyo iliyoipeleka raketi huko juu. Lakini nikianza na ngoma nitaharibu, kwa hiyo naanza na uwanja wako.

Unakumbuka Kocha Zuhura alipopanda huku mara ya kwanza kutoka Morogoro mjini? Alikuja na mfuko wa raketi fupi, akawachezesha kwenye kiwanja cha misheni siku moja, akaondoka. Wenzako wakasahau. Wewe ukaanza kupiga viazi kwa mwiko wa mama yako. Mama yako akakufukuza jikoni, ukahamia shambani, viazi vikawa vinaruka mpaka kwa jirani. Kocha aliporudi akakuachia raketi kuukuu na mipira iliyochakaa. Mimi nikatazama. Kazi yangu ndiyo hiyo, kutazama. Nikaona huku kwetu hakuna pa tambarare hata pa kuweka sufuria bila kuegemeza jiwe. Mpira ukikuponyoka, umekwenda.

Nikataka nikusawazishie ile ngazi ya shamba iliyokatwa mlimani chini ya nyumba, ya njegere. Lakini shamba si langu. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na wewe ni wa ukoo huo, mimi hapa nimekuja kuoa. Msemaji ni mjomba wako. Basi nikawa naizunguka nyumba ya mjomba wako Deusi kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka akatoka yeye mwenyewe.

"Shemeji, vipi? Umepoteza mbuzi?"

"Hapana, shemeji. Ile ngazi ya njegere."

"Imefanyaje?"

"Nataka mwaka huu nisipande njegere."

"Utapanda nini?"

Mimi nikasema, "Mpira."

Akanitazama. Akasema, "Unakomaa baada ya muda gani?"

Watoto wake wakaanguka kwa kicheko. Mmoja akauliza, "Na mbolea yake, baba Skola?" Miguu yangu ikataka kuondoka. Mjomba wako akawanyamazisha, akaniambia taratibu, "Ni kwa ajili ya Skola?" Nikaitikia kwa kichwa. "Sasa si ungesema tangu jana. Mtoto wetu, shamba letu. Jembe ndilo lako. Nenda kalime huo mpira."

Nikaishindilia ile ngazi kwa gogo mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Upande wa mlima nikasimika mbao. Wewe unapiga kwenye mbao, mpira unakurudia. Nyuma yako bonde.

Huo ndio uwanja niliokujengea, Skola. Nyuma yako bonde. Ulishike neno hilo, nitalirudia.

Nakukumbuka asubuhi za ukungu. Mimi ninapalilia karoti ngazi ya juu, sikuoni, nakusikia tu. Mpira kwenye mbao, mpira kwenye raketi, mbao, raketi, mpaka nikawa napalilia kwa mwendo wako. Halafu unakosa. Unauacha mkono chini na wewe unasikiliza, na mimi huku juu nimesimamisha jembe nasikiliza. Mpira unashuka, tu, tu, tu, ngazi kwa ngazi, unafifia, mpaka tunasikia maji ya mtoni. Halafu kimya. Mimi ilikuwa inaniuma kama vile kuna mtu kaondoka.

Baadaye watoto wa bondeni wanapanda nao. "Bibi Tekla kasema huu wenu, umemwangukia kwenye ndoo." Mwingine unapatikana wakati wa kuvuna kabichi, umeota ukungu wa kijani, hauruki tena. Ukajifunza kutokosa. Ukawa unarudi nyuma mpaka ukingoni kabisa, visigino vinaning'inia, ili mpira usikupite. Watu wakawa wanasema, mtoto huyu mpira haumpiti. Na mimi nikawa nasikia raha.

Sasa kuna jambo hulijui. Hulijui kwa sababu linatokea Jumapili, na Jumapili mchana wewe huwa uko kwenye fuso la mboga likiwa tupu, unapanda kurudi nyumbani kutoka akademi ya Kocha mjini, unakokwenda kila mwisho wa wiki.

Kocha Zuhura hututumia wazazi habari za akademi kwenye simu. Hutuma kwa sauti, kwa sababu anajua tupo tusiosoma haraka. Mtandao hapa kwetu haushiki, unashika pale kwenye jiwe kubwa juu ya njia. Mwanzoni nilikuwa naenda peke yangu. Siku moja Bibi Tekla anapita na kuni, akasimama.

"We kijana, unasikiliza mpira?"

"Habari za akina Skola, bibi."

"Pandisha sauti basi, au ni siri?"

Nikapandisha. Kocha anasema, wazazi, hamjambo, habari za wiki ni hizi. Kwa wale wadogo kabisa kikombe kachukua Imani. Husna wa Mikese ameitwa timu ya mkoa, tumpongeze. Skola wa Mgeta amefika nusu fainali, pigo lake la kushoto sasa limenyooka. Baraka bado hajashinda, ila leo hakulia.

Bibi Tekla akashusha kuni. "Huyo Baraka mtoto wa nani?"

"Simjui, bibi. Wa mjini huko."

"Na alikuwa analia kila siku?"

"Nadhani."

"Maskini. Huyo ndiye wangu."

Jumapili iliyofuata akaja mwenyewe, na mkeka. Iliyofuata wakaja na wengine. Sasa hivi ukipita pale Jumapili utadhani kuna mkutano wa kijiji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona tenisi, zaidi ya kuona mpira umewaangukia kwenye ndoo. Lakini wanawajua wote. Mzee wa mashine ya kusaga ni wa Husna, anasema mtoto wa Mikese amezoea malori kupita, hashtuki. Mjomba wako yeye ni wa Skola, lazima. Bibi Tekla hataki kusikia mwingine. "Ya Baraka kwanza," anasema, "hao wengine watangoja." Na kila Jumapili Baraka kafungwa. Anatikisa kichwa, anasema, "Sawa. Na kulia?" Nasema hakulia. "Basi anakua."

Siku Baraka aliposhinda mchezo wake wa kwanza, Bibi Tekla alipiga kigelegele mbwa wakaitikia mpaka ng'ambo. Unaikumbuka ile kabichi kubwa niliyokupa kwenye fuso, nikakuambia kampe Baraka? Ukaniuliza, "Baba, Baraka yule wa mapengo? Ya nini?" Nikakuambia mpe tu. Ilikuwa imetoka kwa Bibi Tekla. Angekuwa na mbuzi angekubebesha mbuzi.

Na mimi pale kwenye jiwe nasubiri sehemu moja tu. Katika vyote ulivyonavyo, mwanangu, ukoo ni wa mama yako, shamba la mama yako, hata hizo kelele ukikasirika ni za kwa mjomba wako. Kutoka kwangu ni jina. Nilikupa la mama yangu. Mama yangu hakuwahi kufika hata Morogoro mjini. Sasa kila Jumapili sauti inatoka mjini inapanda milima yote hii, inafika kwenye jiwe inasema Skola wa Mgeta. Nikisikia hivyo natazama chini, nakwangua matope kwenye kiatu.

Basi tufike kwenye Jumapili yenyewe.

Jiwe lilijaa. Ujumbe ukaingia. Kocha anasema wazazi, fainali ya wasichana inaendelea, Skola wa Mgeta na Husna wa Mikese, seti ya kwanza ameichukua Skola. Hapo hapo ukungu ukafunga na mtandao ukakatika. Mzee wa mashine akajishika kichwa. Mjomba wako hakungoja mwisho. Akatuma watoto, "Kaleteni ngoma, washeni moto." Wakateremka wote barabarani kuipasha ngozi moto, maana fuso linafika jioni.

Mimi nikabaki. Ukungu ulipofunguka kidogo ukaingia wa pili. Kocha anasema Husna amechukua seti mbili zilizobaki. Anasema Skola kacheza vizuri sana, ila Husna kagundua jambo. Anamwekea mipira mifupi, pale karibu na wavu, na Skola yuko nyuma kabisa, hasogei mbele mpaka anakuwa amechelewa. Anasema, sijui kwa nini mtoto huyu anang'ang'ania nyuma namna ile, na mipira ya mbele ni rahisi.

Nikausikiliza tena. Nikakaa chini. Kocha hajui kwa nini. Mimi najua. Nyuma yako bonde. Nilikujengea uwanja ambao mpira ukikupita umepotea, ukafunzwa na ile ngazi kulinda nyuma, ukaenda mpaka fainali unalinda bonde ambalo halipo.

Nikashuka mbio mpaka barabarani. "Shemeji, zimeni moto. Kashindwa."

Mjomba wako anageuza ngoma upande wa pili, haniangalii. "Kashindwa kurudi?"

"Hapana. Mchezo. Husna kamshinda."

"Lakini anarudi?"

"Yuko kwenye fuso."

"Sasa shemeji, mimi nampigia mtoto wa dada yangu anarudi nyumbani. Husna anaingiaje kwenye ngoma yangu?"

Mzee wa mashine akasema Husna anaingia kwake, na akaomba naye apige. Bibi Tekla akaniuliza, "Na Baraka?" Nikamwambia kashinda mmoja kafungwa mmoja. Akajifunga kanga kiunoni. "Hata angefungwa yote ningecheza. Sogea."

Kwa hiyo walijua, Skola. Wote walijua kabla fuso halijapiga kona. Ulipokuwa unalia unawaambia, "Mbona mnacheza, nimeshindwa mimi!" ulidhani kuna mtu kawadanganya, kwamba watakapojua wataona aibu waliyocheza. Walikuwa wanakusikia. Hawakuacha kwa sababu halikuwa jambo jipya kwao.

Asiyejua ngoma ile ni ya nini nilikuwa mimi. Ukanitafuta kwa macho katikati ya vichwa vya watu. Nilikuona unanitafuta. Ukanipata, na mimi nikageuka nikateremka kwenye njegere.

Tangu hapo hujanitazama. Nadhani najua ulichokisoma mgongoni kwangu. Umesoma, baba kanionea aibu. Nisikilize. Sivyo.

Mimi bado kijana, wazazi wa akademi wengine hunidhania kaka yako. Lakini kabla yako nilikuwa kijana zaidi. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa akinisimamisha nisome mbele, na mimi kusimama mbele kulinishinda kuliko kusoma. Nikakua, nikaona wenzangu wanakwenda Dar kubeba mizigo sokoni. Nikaaga kijiji kizima, nikapanda juu ya kabichi kwenye fuso, nikapunga mkono kama mtu mkubwa.

Kule sokoni mbebaji lazima apige kelele. Umebeba gunia kichwani huoni mbele, unapiga kelele watu wapishe. Wenzangu wanaimba kabisa, wanatukana, watu wanacheka wanapisha. Mimi sauti haitoki. Nasimama na gunia nangoja watu wapite. Hawaishi kupita. Siku moja nikagongwa, kabichi zikabiringika soko zima, watu wanazikanyaga, mwenye mali ananiita kila jina. Nilifikiri zile kabichi labda nilizipalilia mwenyewe. Nikarudi na fuso lililokuwa linapanda.

Lakini sikushukia barabarani kwetu. Nikashuka mbali, nikakaa kwenye mahindi nikingoja giza, nikapanda kwa njia ya nyuma, nikalala bandani. Asubuhi mama yangu anakuja kuchukua jembe ananikuta.

"Umefika lini?"

"Jana."

"Ulipita wapi nisikusikie?"

Akaniangalia sana, akasema, "Ungepita mbele wangekupigia ngoma." Nikadhani ananicheka. Nikamchukia siku nzima kwa neno hilo. Amekufa sijamwambia kwamba nilikuwa nimeelewa vibaya. Na tangu siku ile, mwanangu, mimi ni mtu wa njia ya nyuma. Harusini nakaa nyuma, kanisani nyuma. Hata kwenye ngoma ya mtoto wangu.

Sasa wewe. Wewe ulishuka kwenye fuso mlango wa mbele. Machozi usoni, hukuyafuta, hukujifunika kanga, unapiga kelele katikati ya barabara kwamba umeshindwa. Mtoto mdogo hivi. Mimi nilikuwa nangoja uingie kwenye mahindi. Nilipoona huingii, ndipo miguu yangu ilipoondoka. Nilijificha mimi. Kwa sababu nilikuwa kama ninamwona mama yangu amesimama pale, na nikaona ningeweza kushuka hivyo na mimi, siku ile, na ngoma ingepigwa.

Hilo ndilo lililokuwa mgongoni kwangu. Huwezi kulisoma, hata mimi nimelisoma leo.

Jambo la mwisho, halafu nikuache. Siku nilipokupeleka akademi mara ya kwanza, wewe ulipokuwa unapimwa viatu, nilizunguka nyuma ya uwanja. Ule udongo mwekundu, tambarare, umetulia kama maji. Nyuma yake kuna uzio wa waya. Mtoto mmoja akapiga, mwenzake akakosa, mpira ukampita. Mimi nikatega sikio niusikie unavyoshuka. Ukagonga waya, ukaanguka chini, ukatulia. Yule mtoto akaenda akauokota, anapiga miayo. Nilisogea nikaushika ule waya kwa mkono. Nikauvuta. Ni mgumu.

Nilitaka kukuambia siku ile ile. Tumekaa kwenye gari, njia nzima nalipanga hilo neno, na nilipofungua mdomo nikasema, "Umeshiba?" Ukasema nimeshiba.

Basi ni hili. Kule nyuma yako hakuna bonde, mama. Kuna uzio. Mpira ukikupita unasimama pale pale. Unaweza kwenda mbele.

Kesho fuso litapita ukungu ukianza kupanda. Ngoma haitapigwa, usiitafute. Kwetu anayeondoka tunamsindikiza kimya, ngoma ni ya anayerudi. Mimi nitakuwa barabarani, upande wa mbele, karibu na mlango wa gari. Nitakuwa natazama chini labda, lakini nitakuwepo, na ukitaka kunishika mkono mbele za watu, nishike. Bibi Tekla naye atakuja, ana mpira wako mmoja kaukuta kwenye magimbi.

Ukienda bila raketi watakurudisha, nadhani na fuso la Jumapili. Usiogope hilo. Nimemuuliza mjomba wako jioni hii, nilikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwake. Kasema atapiga vilevile. Na ukienda nayo, Jumapili nitapanda kwenye jiwe, tutasikiliza mpaka mwisho. Kama jina lako halimo tutasikiliza ya Baraka.

Raketi sijaigusa, ipo pale pale ulipoitundika. Ila msumari ule niliupigilia juu sana, na asubuhi humu ndani kunakuwa na giza. Kigoda nimekisogeza chini yake.

Baba yako.